Upande wa Buluu

Mkoa ulipotangazwa, Babati ilianza kujiona. Tulikuwa mji wa kupita: basi linasimama, watu wanashuka kunywa chai na kunyoosha miguu, kisha wanaendelea na safari zao bila hata kuuliza pale panaitwaje. Ghafla tukaambiwa sisi ni makao makuu. Wanaume niliokuwa nikiwaona na kandambili tangu nikiwa mtoto wakaanza kutembea na mikoba ya ngozi, na ndani ya mkoba mna kalamu moja na kipande cha mkate. Kila mtu akawa mheshimiwa. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara alipandisha kodi, mpangaji wake akapandisha kidevu, na wote wawili wakaacha kuitikia salamu mpaka wasalimiwe mara mbili.

Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele, ingawa ofisi sikuwa nayo. Nilikuwa na mashine ya fotokopi. Mkoa ulipokuja ulikuja na karatasi, na kila aliyetaka kazi, kiwanja au leseni aliambiwa alete nakala tatu za kila kitu alichowahi kuandikiwa tangu azaliwe. Wakapanga foleni mlangoni kwangu, nami nikasimama nikibonyeza kitufe. Mtu anayepata hela kwa kubonyeza kitufe hachelewi kuamini kwamba hela hiyo ameipata kwa akili. Mimi niliamini mapema kuliko wengi. Nilianza kuvaa miwani ya jua ndani ya duka.

Nilikuwa pia na mchumba, na katika yote niliyokuwa nayo miaka ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa wa maana. Alikuwa akifundisha shule ya msingi Sigino, na kwao ni Bonga. Tulijuana alipokuja kutoa nakala za mitihani. Nilimpa karatasi ambazo maandishi yake yamepinda, akaziweka juu ya meza yangu, akaniambia nizirudie na kwamba hatalipa mara mbili. Hakupandisha sauti. Nikazirudia. Baada ya miezi kama minane tulikuwa tumeshaelewana, na kilichobaki ni watu wangu kwenda kwao kubisha hodi na kutajiwa mahari. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu angekuwa baba mdogo, mkulima wa mahindi wa Singe, mtu wa koti moja la kahawia ambalo alilivaa kwenye harusi, kwenye msiba na kwenye kikao cha shule.

Kila nilipomfikiria baba mdogo ameketi mbele ya wakwe na koti lile, niliona aibu. Leo naona aibu kwamba niliona aibu, lakini hiyo ni hesabu ya uzeeni. Wakati ule niliona dawa ni moja tu: tufike kwa namna ambayo hakuna mtu atakayelitazama koti.

Dawa yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chini ya banda la mabati, na mji mzima uliijua. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, pana, refu kiasi kwamba mwenye duka alilazimika kuvunja kona ya ukuta wake ili liingie. Usukani wake ulikuwa kushoto. Wengine walisema mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu mwenye shamba, wengine wakasema daktari wa misheni; kwetu kitu kisichojulikana kilikotoka hupewa mzungu na habari inaishia hapo. Mwenye duka, mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, alilinunua likiwa mzoga, akaanza kulifufua, akalifikisha nusu, akaacha.

Hiyo nusu nataka ieleweke vizuri, maana ndiyo iliyonimaliza. Boneti, bampa ya mbele na ubavu wote wa kushoto vilikuwa vimenyooshwa na kupakwa rangi ya buluu iliyokolea, na nikeli za upande huo ziling'aa mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Ukisimama kushoto, unaona gari la mkuu wa nchi. Ukizunguka kulia, unaona puti ya kijivu isiyopakwa rangi, kutu, na milango miwili iliyofungwa kwa waya. Kiti cha mbele, kimoja kirefu kama benchi, kilikuwa kimevalishwa ngozi nyekundu ya bandia na fundi makochi. Cha nyuma kilikuwa ubao uliotandikwa gunia. Injini yake ya asili ilishakufa. Mahali pake palikuwa na injini ya pikapu ya Kijapani, na ndani ya boneti ile ilionekana kama mtoto aliyelala kwenye kitanda cha baba yake.

“Shikamoo mzee,” nilimwambia siku niliyokwenda.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kulitazama au kulinunua?”

“Kulinunua.”

“Basi kwanza litazame.”

Akanishika mkono, akanizungusha. Alinionyesha kila kitu ambacho mwuzaji mwingine angekifunika kwa turubai. Alinipigisha magoti nione chini palivyooza. Alifungua boneti, akanieleza kwamba injini ile inachoka haraka kwa kuwa inaburuta mwili usio wake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mzee yule alikuwa na kibaya chake mkononi na hakutaka kukitembeza.

“Nimelihangaikia miaka minne,” alisema. “Siku nilipomaliza huku kushoto nilizunguka kule, nikatazama, nikajiuliza nina umri gani. Nikamwambia fundi akusanye vyombo vyake aende.”

“Mimi nitaumalizia upande huo.”

“Utaumalizia. Una mke?”

“Natarajia kuoa, mzee.”

“Basi kamnunulie kitu chenye pande mbili.”

Nilimdharau. Nilimwona mzee aliyeishiwa, asiyejua kwamba mji umebadilika, ambaye angekufa akiuza misumari kwa kilo huku mheshimiwa mwingine akipita barabarani na mali yake. Nikamlipa. Hela ilikuwa ya kiwanja cha Singe ambacho mimi na mchumba wangu tulishakwenda kukipima kwa hatua, yeye akihesabu na mimi nikibishana naye kuhusu mahali pa jiko. Mzee aliipokea kama mtu anayepokea barua ya msiba, akanipa ufunguo, akanitakia heri.

Mji ulinipokea kama nilivyotaka, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Vijana wa stendi walisimama. “Kaka, mchuma huo,” wakasema. Mafundi baiskeli waliacha spana zao. Mtu mmoja ambaye miezi sita mizima alikuwa hajawahi kunisalimia alikuja kuegemea boneti, akaniita mheshimiwa, akaomba lifti mpaka sokoni, mwendo wa dakika mbili kwa miguu. Walinivisha kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa ili wasipate taabu kukifunga. Hakuna hata mmoja aliyezunguka upande wa kulia. Kama walizunguka, walinyamaza, maana mtu anayejidanganya mwenyewe humnyimi raha yake.

Nikajifunza kuegesha. Kuendesha anaweza yeyote. Mimi nilijifunza kuegesha. Nilijua kila jengo la Babati lina dirisha lake kubwa upande gani, kila baraza lina watu wake saa ngapi, na niingie kwa pembe ipi ili ubavu wa buluu uwatazame wao na wa kijivu utazame ukuta. Kanisani nilifika mapema kuliko shemasi. Palipokuwa na watu pande zote mbili za barabara sikusimama kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina afya na macho mawili, na nusu ya akili yangu ya kila siku ilikwenda kwenye kazi hiyo. Baadaye gari liliozea nyuma ya nyumba ya baba mdogo, kuku wakataga kwenye kile kiti chekundu, na hakuna siku niliyosikia huruma.

Mchumba wangu alizunguka. Nilimfuata shuleni siku ya kwanza, nikaegesha kwa adabu zote, ubavu wa buluu ukitazama madarasa, naye akatoka na madaftari yake kifuani, akapita mbele ya boneti, akaenda moja kwa moja hadi kulia. Akagusa waya uliofunga mlango.

“Na huku?” akauliza.

“Huku bado.”

“Bado mpaka lini?”

“Kidogo kidogo.”

Akarudi nilikokuwa. “Hii ndiyo Singe?”

Nikaifuta boneti kwa kiganja. Alielewa kila kitu hapo hapo. Mwalimu wa darasa la tatu huzoea kuelewa bila kujibiwa. Nilisubiri agombe. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akauliza kama tutalala humo. Halafu akaingia kwa mlango wangu, akasogea kwenye benchi mpaka upande wa kulia, ambako kwa magari mengine ndiko anakokaa dereva. Njia nzima watu walimwona yeye kwanza. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi alimpungia ungo, akampongeza mwalimu kwa kujifunza gari. Mwalimu naye akapunga, akanigeukia akicheka tena, na safari hii alicheka vizuri. Nilipotaka kulipita trekta ni yeye aliyechungulia mbele na kuniambia njia nyeupe au bado. Nadhani ile ndiyo siku yetu nzuri kuliko zote, na nilishindwa kuiona kwa sababu nilikuwa natazama watu wa barazani.

Nilipomshusha alisema jambo moja. “Nyumbani usije nalo. Baba yangu ana utani. Njooni na basi, au hata kwa miguu.”

Nikasema sawa. Moyoni nikasema, mkulima wa maharage kama yeye atamtania nani. Sikuwa nimewahi kuzungumza na baba yake. Nilimwona mara moja sokoni Bonga, mzee mfupi, sweta limetoboka kiwiko, anabishana na mnunuzi juu ya debe la maharage kujaa au kutojaa. Hiyo ilinitosha kumweka mahali pake.

Wiki moja kabla ya kwenda, baba mdogo aliniita Singe kunifunda. Tuliketi nje ya ghala lake. Alinieleza taratibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia, na mimi nilisikiliza huku nikitazama kama vumbi linaingia kwenye nikeli.

“Siku hiyo wewe huna mdomo,” alisema. “Mwoaji hana mdomo. Mdomo ni mimi. Watakachotaja, chochote kile, mimi nitasema tumesikia, tumepokea. Hata wakitaja mlima Kwaraa, tumepokea. Kupokea siyo kulipa. Wanataja juu ili tushuke pamoja, na katika kushuka ndiyo tunajuana. Ukimwambia mtu hapana kabla hamjaanza kushuka, umemwambia hutaki kujuana naye.”

“Nimeelewa, baba.”

“Na basi la saa mbili linafaa.”

“Tutakwenda na gari.”

Alilitazama gari. Alikuwa ameketi upande wa kijivu. “Haya,” akasema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, msimu wa kuvuna maharage. Baba mdogo aliketi kwenye benchi jekundu na koti lake la kahawia, fimbo katikati ya magoti, akiniambia njia nyeupe au bado. Nilikuwa nimeliosha gari tangu alfajiri, upande mmoja. Vumbi la barabara ya Dodoma halikujua upande, likatupaka kote sawasawa, kwa hiyo kabla ya kufika nilisimama kichakani, nikalifuta tena kwa shati langu la akiba, mzee wa watu akisubiri juani. Aliniangalia nikifuta. Hakusema kitu, na mimi nilichukua ukimya wake kuwa kibali.

Nyumba ya wakwe ilikuwa upande wa kulia wa njia. Hilo sikuwa nimelijua. Nilipoingia uani, ubavu wa kijivu ndio ulioitazama baraza, na barazani palikuwa na wazee wanne, akina mama kadhaa, na mwenye nyumba mwenyewe amesimama na sweta lake. Mtu mwenye akili angezima gari, akashuka, akaamkia. Mimi nilirudi nyuma. Nikakata usukani, nikaenda mbele, nikarudi tena. Gari lile halikuwa la uwanja kama ule. Lilitaka uwanja wa mpira. Nyuma yangu palikuwa na maharage, bado na maganda yake, yameanikwa juu ya maturubai mawili, na mara ya tatu au ya nne nilisikia tairi limepanda juu yake, sauti ndogo ndogo za kupasuka, nyingi kwa pamoja. Baba mdogo aliniambia kwa sauti ya chini, “Acha, mwanangu.” Sikuacha. Nilikata mara sita mpaka buluu ikatazama baraza, nikazima gari tairi la nyuma likiwa juu ya turubai.

Tukashuka, tukaamkia. Mwenye nyumba akaitikia, akayatazama maharage yake. “Hata hivyo yangepigwa fimbo tu,” akasema. Wale wazee wakacheka kidogo, baba mdogo akaomba radhi, tukakaribishwa ndani. Nilifikiri limepita. Zaidi ya hapo, nilifikiri wamevutiwa.

Chumba kilikuwa kidogo, kimepangwa viti vya kuazima, na mlango wa ndani ulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia akina mama walikuwa wakipanga vyombo, na nilijua mchumba wangu yuko hapo, maana utaratibu ni kwamba binti husikia yote, na mwisho huitwa. Mwenye nyumba alizungumza mwenyewe, kwa kuwa kaka zake wote walishatangulia. Alizungumza polepole, Kiswahili chake kizito kidogo cha watu wa umri wake, na kwa kila alichotaja alikunja kidole.

“Ng'ombe sita.”

“Tumesikia, tumepokea,” akasema baba mdogo.

“Blanketi la bibi yake.”

“Tumesikia, tumepokea.”

“Debe la asali. Shuka la mama yake, na sufuria kubwa.”

“Tumesikia, tumepokea.”

Mimi nilikuwa nimetulia. Ng'ombe sita sikuwa nao, na baada ya kununua lile gari nisingeweza kuwapata kwa miaka mitatu, lakini sikushtuka hata kidogo. Nilikaa na mikono juu ya magoti, nikijiona nina heshima.

Mzee alinyoosha shingo akatazama nje kupitia mlangoni. “Na hilo gari lililokaa juu ya maharage yangu,” akasema. “Hilo nalo libaki.”

Baba mdogo alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamtangulia.

“Gari hapana,” nikasema.

Nimejaribu kwa miaka mingi kujitetea kwamba niliteleza, na sijitetei tena. Sikuteleza. Nilihisi kama mtu ameingiza mkono mfukoni mwangu, na nikaushika mkono huo. Sauti yangu ilitoka kali, ya mtu wa dukani anayemkatalia mteja, na ilitoka haraka kwa sababu ilitoka moyoni. Nyuma ya pazia vyombo vilikuwa vikigongana. Vikaacha.

Baba mdogo aliinuka, akavua kofia. “Wazee wangu, mtoto amekosea. Hana mdomo na amesema. Tunaomba faini yetu.”

“Faini ipo,” akasema mwenye nyumba. “Kusema ni mbuzi. Kaa, ndugu yangu, hilo ni dogo, mbuzi tutamla pamoja.” Baba mdogo akakaa, na nafikiri kwa dakika hiyo aliamini tumepona. Lakini mzee alikuwa amenigeukia mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama alivyolitazama lile debe sokoni, aone limejaa au halijajaa.

“Kwa kuwa umeshasema, kijana, na mimi niseme na wewe. Ng'ombe sita ulinyamaza. Blanketi la bibi ulinyamaza. Gari umesema.”

“Mzee, nilitaka kueleza tu kwamba gari hilo halijakamilika. Lina upande ambao...”

“Upande huo naujua,” akasema. “Umeupitisha mbele yangu mara sita.”

Wale wazee wengine walitazama chini. Naye akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenisimulia habari za jirani. Mkwe wake wa kwanza, mume wa binti mkubwa, alikuja na baiskeli mpya. Akaambiwa baiskeli ibaki. Msemaji wake akasema tumepokea. Wakashuka, wakashuka, wakacheka sana, ikaishia jogoo. “Mpaka leo nikikutana naye namwuliza, baiskeli yangu inaendeleaje. Ananijibu inakula vizuri. Ndivyo tunavyokaa. Mimi gari nitalipeleka wapi? Hata hiyo baiskeli siwezi.”

Jogoo. Ningetoa jogoo, na maisha yangu yote mzee yule angekuwa ananiuliza gari lake linaendeleaje. Nilikaa pale na miwani yangu ya jua imening'inia kwenye shati, nikaelewa kwamba mtu niliyemweka mahali pake sokoni Bonga alikuwa amenifungulia mlango wa nyumba yake kwa mzaha, na mimi nikausukuma ukajifunga. Nilijiona mjinga kuliko wote waliokuwa humo, na haikuwa kuona tu.

Ikabaki kuitwa kwa binti. Sijui mzee aliita kwa sababu ya utaratibu au kwa sababu alitaka jambo liamuliwe na mwenyewe. Alitoka nyuma ya pazia na mama yake, kanga kichwani, akasimama karibu na kiti cha baba yake.

“Wageni hawa unawafahamu?”

“Nawafahamu, baba.”

“Wametajiwa. Tupokee vitu vyao?”

Huwa ni swali la kupita. Binti huinamisha kichwa, akina mama hupiga vigelegele kabla hajamaliza kujibu, na mwoaji hukumbuka kupumua. Yeye alinyanyua kichwa, akanitazama. Nilitaka kumwambia kwamba nimeacha gari, limekwisha, walichukue sasa hivi na ufunguo huu hapa. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Sikusema. Ile mara moja niliyotakiwa kuvunja utaratibu, nikaukumbuka utaratibu.

“Hapana, baba,” akasema. “Wabaki navyo. Wasije wakapungukiwa.”

Mama yake alimshika kiwiko, hakuvuta. Baba mdogo alijaribu. Alisema mengi, na mengi yalikuwa mazuri, juu ya ujana, juu ya baba yangu ambaye hayupo, juu ya mti mbichi unaoweza kunyooshwa. Wakamsikiliza mpaka mwisho, maana walimpenda, yeye na koti lake, tangu alipoamkia. Binti mwenyewe alikwenda kumwinamia, akamwambia, “Baba, wewe hujakosea kitu.” Halafu alipopita mbele ya kiti changu alisimama, akasema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia.

“Ulivyokuwa unanyamaza, nikadhani ni adabu.”

Akaingia ndani. Nilitegemea tutasindikizwa hadi mlangoni, na ningeshukuru. Lakini chakula kilikuwa kimeshaiva. Walichinja mbuzi tangu asubuhi kwa ajili yetu, walikoka moto mara mbili, majirani waliazima masufuria, na katika nyumba ile mgeni hakuwahi kuondoka na njaa kwa sababu tu hakutakiwa. Mwenye nyumba alisema tukae. Baba mdogo aliniangalia aone kama nitakosa haya kiasi cha kukataa. Tukakaa.

Vyombo vikaletwa. Binti akatoka tena, safari hii na birika la maji na beseni, taulo begani, akaanza na mzee mkubwa kuliko wote kama inavyotakiwa, akaja kwa baba mdogo, akanawisha mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi, wa mwisho. Alipiga goti kama alivyowapigia wengine. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alikuwa amekumbuka kuyapasha. Hakunimwagia mengi wala machache. Akanipa taulo, akasubiri nijifute, akalipokea.

“Karibu chakula, mgeni,” akasema.

Nikala. Nilikula wali na nyama, wakaniongezea, nikala tena mpaka nikashiba.